Siku Herufi Zilipomkataa Dorcas

Dorcas Shigela ni jirani yangu hapa Nyakato, na haya yalimpata mwaka juzi, mwezi wa tatu. Ameniruhusu niyasimulie kwa sharti moja tu, kwamba nisimfanye aonekane jasiri. "Sema niliogopa," aliniambia. "Niliogopa kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na bado naogopa."

Wakati huo alikuwa na miaka arobaini na tisa, na kwa miaka kumi na saba alikuwa akiuza dawa kwenye duka la Bi Zakia kule Nyamagana, hatua chache kutoka sokoni. Mtaani tulimjua kwa vitabu. Alisoma akisubiri maji yachemke, alisoma akisukwa nywele, na ukienda kwake saa ya kupika ulikuta mwiko mkono mmoja na riwaya mkono mwingine. Mume wake, Shimba, fundi wa kuchomelea mageti, ni mtu mkubwa wa mwili na mpole, ambaye hakusoma chochote zaidi ya matokeo ya mpira. Binti yao Gladness alipopata kazi Dodoma aliacha nyumbani mashine yake ya gemu. Siku moja ya mvua, karakana imefungwa, Shimba aliiwasha kwa udadisi tu. Tangu siku hiyo kila akirudi kutoka kazini alinawa, akala, akakaa kwenye kiti chake na kuanza kucheza gemu la mpira.

Ubishi wao tuliusikia mpaka kwetu.

"Mwanaume mzima, mvi kichwani, unabonyeza vitufe!" Dorcas alikuwa akisema.

"Na wewe mwanamke mzima unalia kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kuzaliwa," Shimba alikuwa akijibu. "Jana umemlilia nani vile? Yule wa kwenye kitabu. Mimi nikifunga bao, nimefunga mimi. Wewe unakaa tu kutazama maisha ya wenzako."

"Kitabu kinanipeleka mahali."

"Na mimi nimetoka hapa nimeenda uwanjani, na sijachafua hata viatu."

Ilikuwa hivyo kila jioni, na nadhani wote wawili walikuwa wanaufurahia ubishi kuliko gemu na kuliko kitabu.

Jumamosi moja, siku yake ya mapumziko, Dorcas aliamka na maumivu nyuma ya kichwa, upande wa kushoto, kama mtu amemkandamiza kwa kidole gumba. Shimba alikuwa ameshaondoka kwenda karakana. Dorcas akapika chai, akaketi mlangoni penye mwanga, akafungua riwaya yake pale alipokuwa amekunja ukurasa.

Mistari ilikuwepo. Nukta zilikuwepo. Wino ulikuwa mweusi vilevile, na aliuona vizuri kabisa, lakini ilikuwa kama kutazama nyayo za kuku kwenye matope. Hakukuwa na neno hata moja.

Akafuta miwani kwa khanga, akavaa tena. Akadhani ameshika kitabu juu chini, akakigeuza. Kikawa vilevile. Akafungua ukurasa mwingine, na mwingine. Akainuka, akachukua Biblia, akachukua kalenda ukutani, akachukua simu. Nyayo za kuku. Kiberiti alikitambua kwa picha, na mfuko wa unga kwa rangi. Maandishi yote yalikuwa yamefunga mlango.

Hapo akafanya jambo ambalo, kwa maelezo yake, lilimtisha kuliko yote. Alichukua kalamu na kipande cha karatasi, akaandika: Naitwa Dorcas. Mkono haukusita. Uliteleza kama siku zote, ukaweka hata nukta mwishoni. Kisha akatazama alichoandika na hakuweza kukisoma.

"Nikasema, haya basi, zamu yangu imefika," aliniambia.

Alimaanisha mama yake. Mama yake alikaa Misungwi, na miaka yake ya mwisho akili ilimtoka kidogo kidogo. Alianza kwa kusahau alikoweka jembe, akaja kusahau watoto wake. Dorcas alikuwa akienda kumwogesha, na mama yake anamwita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa. Kwa miaka tisa Dorcas alibeba hofu hiyo kimya kimya. Kila aliposahau jina la mtu, alijiuliza kama ndiyo mwanzo. Sasa aliketi sakafuni, karatasi mkononi, akiwa na hakika kwamba imeanza, na kwamba imeanza na kitu alichokipenda kuliko vyote.

Kulikuwa na jambo la pili ambalo hakutaka kulifikiria. Alikuwa na presha. Alipimwa, akaandikiwa vidonge vya kumeza kila siku, akavimeza kwa muda, kisha alipojisikia mzima akaacha. Ilikuwa imepita miezi minane. Yeye, aliyekuwa akiwaambia wateja kila siku, "Mama, dawa ya presha haiachwi hata ukijisikia vizuri."

Hakumwambia mtu. Alilala mchana kutwa akidhani usingizi utarudisha herufi. Shimba aliporudi alimwambia kichwa kinauma, na hilo lilikuwa kweli.

Jumapili ilikuwa zamu yake kusoma somo kanisani. Alikwenda kwa sababu kutokwenda kungeleta maswali, na njia nzima aliomba herufi zirudi. Alipofungua kitabu cha nyimbo na kukuta nyayo zilezile za kuku, aliinuka, akamfuata Revocatus, mzee wa kanisa aliyepanga wasomaji, akashika koo. "Sauti imenikauka, mzee," alinong'ona. Revocatus akampa pole na kumpa somo mtu mwingine. Ibada nzima Dorcas alifungua na kufumba mdomo wimbo ukiimbwa, kitabu wazi mikononi, akihisi watu wote nyuma yake wanajua.

Mchana Shimba alikuwa kwenye kiti chake, gemu limewaka. Simu ya Dorcas ikalia mlio wa ujumbe.

"Gladness huyo," Shimba alisema. "Nisomee anasemaje."

Dorcas akaishika simu. Akaisukuma chini ya mto. Akatafuta la kusema, na lililotoka kinywani lilimshangaza hata yeye. "Hebu niachie hiyo mashine na mimi nijaribu."

Shimba akamtazama kama ameota pembe. Kisha akacheka mpaka kiti kikalia. "Leo! Leo mvua ya mawe itanyesha Nyakato!" Akasahau simu, akampa pedi ya pili, ile ya kubonyezea vitufe, akamfundisha: hiki cha kukimbia, hiki cha kupiga pasi, hiki cha kupiga mpira golini.

Wakacheza. Na hapa Dorcas anakiri kitu. Kwa dakika kama kumi, akihangaika na vile vitufe, vijana wadogo wa kwenye kioo wakikimbia anakowatuma, hakuogopa. Hakukuwa na kitu cha kusoma. Alipofanikiwa kupiga pasi moja iliyofika alipiga kelele kama mtoto.

Lakini Shimba alikuwa ameacha kucheka. Alifunga bao la kwanza, la pili, la tatu, yote kutokea upande mmoja.

"Mama Gladness," alisema, "mbona huyu wa kulia humkabi?"

"Yupi?"

"Huyu hapa. Amesimama peke yake. Nampa mpira kila mara, na wewe unamwacha apite."

"Hakuna mtu hapo," Dorcas alisema.

Shimba akasimamisha mechi. Akachukua kijiko kwenye sahani, akakaa mbele yake, akamwambia atazame pua yake asigeuze macho. Akakiinua kijiko upande wa kushoto. "Unakiona?" Alikiona. Akakihamishia upande wa kulia. "Unakiona?"

"Bado hujakiinua."

Shimba aliendelea kukishika kijiko hewani, na Dorcas alipogeuza shingo ndipo akakiona, karibu kabisa na sikio lake, kinang'aa.

Alimkasirikia vibaya. Alimwambia asimchezee, yeye si gemu lake. Aliingia chumbani na kujifungia. Shimba akagonga, akamwomba waende hospitali asubuhi, na Dorcas akajibu kupitia mlangoni kwamba ni uchovu tu. Alikuwa anaogopa hospitali kuliko ugonjwa. Hospitalini ugonjwa ungepewa jina.

Jumatatu akaamka mapema kuliko mumewe, akaenda kazini.

Nilimuuliza kwa nini, maana hapo ndipo hadithi hii inaponiwia ngumu. Mtu asiyeweza kusoma, nyuma ya kaunta ya dawa. Hakujitetea. Alisema alijidanganya kwamba duka lile analijua gizani. Miaka kumi na saba! Dawa za malaria rafu ya kati, boksi la kijani. Za vidonda vya tumbo pembeni, boksi jeupe lenye mstari. Aliyekuja na cheti cha daktari alimwambia, "Hebu nitajie mwenyewe, miwani nimeiacha nyumbani," na miwani ilikuwa ndani ya mkoba wake. Kila mteja akiingia, Dorcas aliomba asitaje dawa asiyoijua kwa boksi. Kila mteja akitoka, alishusha pumzi.

Kabla ya saa tano akaingia msichana mwenye mtoto wa miezi kama minane mgongoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ana nini?"

"Homa, tangu jana. Naomba ile dawa ya maji ya kushusha homa. Nawahi gari la Misungwi."

Dawa ya homa ya watoto ilikaa rafu ya juu kushoto, chupa ya kahawia, tangu enzi. Dorcas akanyoosha mkono, akaichukua, akaifunga kwenye karatasi. "Kijiko kimoja kidogo cha chai, mara tatu kwa siku. Na umpunguzie nguo." Msichana akashukuru, akaondoka.

Baada ya muda kidogo Bi Zakia akaingia, akavua viatu, akaanza kupanga maboksi yaliyoletwa. Ni mwanamke mwenye maneno mengi, na alikuwa akizungumza huku kampa mgongo.

"Mama Gladness, nimesahau kukwambia. Jumamosi mzigo ulikuwa mwingi, nikapanga upya. Za watoto nimeshusha chini, mkono ufike kirahisi. Hapo juu nimeweka ile dawa ya kupaka ya upele."

Dorcas akatazama rafu ya juu. Chupa za kahawia. Ukubwa uleule.

Dawa ile ni ya ngozi. Mtoto akiinywa anaweza kupata degedege. Hilo alilijua, alishawahi kuwaonya watu mwenyewe.

Alitoka mbio, koti lake jeupe la kazini mwilini. Stendi ya magari ya Misungwi ilikuwa mtaa wa pili. Alikimbia kama hajawahi kukimbia tangu shule ya msingi, na upande wake wa kulia haukuwepo. Mkokoteni wa mahindi ulitokea hewani ukampiga pajani, akaanguka, akasikia mtu anamtukana, akainuka. Bodaboda ikapiga honi, nayo ikatokea pasipo na kitu. Alianza kukimbia akigeuza kichwa kulia, kulia, kulia, kama mtu anayefukuzwa.

Stendi ilikuwa imejaa magari, na kila gari limeandikwa linakokwenda, kwa herufi kubwa, kwenye paji la uso. Aliyatazama yote. Nyayo za kuku, kubwa kama milango.

"Misungwi!" alimshika mpiga debe mmoja shati. "Gari la Misungwi lipi?"

"Si hilo hapo mbele yako, mama? Limeandikwa."

"Lipi? Nionyeshe kwa mkono!"

Kijana akamwonyesha, akishangaa. Dorcas akapanda. Msichana alikuwa kiti cha nyuma, upande wa dirisha, mtoto amelala mapajani. Kizibo cha chupa kilikuwa kwenye kiti. Kijiko alikuwa amekishika, na alikuwa anainamisha chupa.

Dorcas hakumbuki alisema nini. Msichana anasema hakusema kitu, alilia tu na kuipiga ile chupa ikaanguka. Dawa ikamwagika kwenye sakafu ya gari, harufu kali ikajaa, abiria wakaanza kupiga kelele.

"Umempa?" Dorcas aliuliza. "Umempa hata kidogo?"

"Hapana. Ndiyo kwanza nafungua. Kuna nini? Mama, kuna nini?"

"Nimekupa dawa ya upele."

Msichana akamvuta mtoto kifuani kwa nguvu hadi akaamka akilia. Uso wake ulibadilika kutoka mshangao kuwa hasira. "Unataka kuniulia mwanangu? Wewe si unajua kusoma?"

Na pale, mbele ya konda, abiria na wapiga debe waliojazana mlangoni, Dorcas akasema kile alichoshindwa kumwambia mumewe kwa siku tatu. "Sijui tena. Tangu juzi siwezi kusoma."

Hakuna aliyecheka. Yule mpiga debe akamshika mkono akamteremsha taratibu. Bi Zakia alikuwa ameshafika, viatu mkononi, amefuata nyuma. Aliwarudisha dukani, akampa msichana dawa sahihi, akampeleka yeye na mtoto kwa mganga wa zahanati iliyo jirani ili mtoto aangaliwe, na mtoto alikuwa salama. Kisha akampigia Shimba.

Daktari aliyempokea hospitalini alikuwa mwanamke mdogo, rika la Gladness. Alimsikiliza mpaka mwisho, akampa karatasi. "Andika sentensi yoyote, mama." Dorcas akaandika. "Sasa isome." Akashindwa, na machozi yakamtoka. Shimba, aliyesimama nyuma yake, akaisoma kimoyomoyo na hakumwambia daktari ilisema nini. Mimi pia hakuniambia.

Wakampiga picha ya kichwa. Daktari akawaonyesha doa dogo. Mshipa mmoja nyuma ya ubongo ulikuwa umeziba, upande wa kushoto. "Ni kiharusi," alisema. "Kidogo, lakini kiharusi. Sehemu inayotambua maandishi imekatika mawasiliano na macho, na ile inayoona upande wa kulia imeumia. Ndiyo maana mkono unaandika lakini jicho halisomi." Akageuka kwa Shimba. "Nani aligundua kuhusu upande wa kulia?"

"Ni gemu," Shimba alisema kwa aibu, kama mwanafunzi aliyekamatwa.

"Na akili yangu?" Dorcas aliuliza. Hilo ndilo alilokuwa amelishikilia kifuani. "Ninaanza kusahau? Kama mama yangu?"

"Hapana, mama. Akili yako iko palepale."

Anasema alitamani kumkumbatia. Lakini daktari hakuwa amemaliza. Alimuuliza kuhusu vidonge vya presha, na Dorcas akasema ukweli. Daktari akaweka kalamu mezani. Akamwambia kwamba kingeweza kuja kiharusi kingine, na hicho huenda kisichukue herufi tu. Hofu moja ilitoka mlangoni, nyingine ikaingia na kukaa kwenye kiti chake.

Hakurudi kaunta. Bi Zakia alimwambia akipona atamwita, na Dorcas akajibu hapana, hataki tena kushika chupa ya mtoto wa mtu. Siku hizi anakwenda mara mbili kwa wiki, anakaa mbele ya duka na kuwapima wateja presha, maana namba zilimrudia mapema kuliko herufi, na maneno anayowapa walioacha vidonge ni makali.

Miezi ile ya kwanza ilikuwa mibaya. Shimba alijaribu kumsomea ile riwaya. Kwa kuwa ni Msukuma wa ndani kabisa, kila "barabara" ilikuwa "balabala", na alisoma kama anapiga nyundo. Baada ya kurasa kumi alikifunga kitabu. "Huyu mtu anazunguka mno," alisema. "Mwanaume yuko mlangoni tangu jana, hafungui! Kwenye gemu angeshafunga mabao mawili." Lakini kesho yake, alipokuwa akinawa, akauliza kwa sauti ya kawaida kama yule mtu ameshafungua, na Dorcas akacheka kwa mara ya kwanza tangu hospitali.

Mtaalamu wa mazoezi alimfundisha kusoma kwa kidole. Herufi jicho linaikataa, lakini ukiichora kwenye kiganja, mkono unaijua. D. O. R. Neno moja lilimchukua muda wa kumenya kiazi. Kuhusu gemu, mtaalamu alisema acheze tu, kwa kuwa linamlazimisha kutazama kulia. Kwa hiyo mke akawa anacheza mpira na mume anasoma kwa nguvu, na kila mmoja aliapa kwamba cha mwenzake ndicho adhabu.

Nilimuuliza juzi, sasa kipi kitamu zaidi? Alifikiri. Akasema gemu lilimsahaulisha woga, na hilo hatalibeza tena maishani. Lakini akasema kwenye gemu hajawahi kumkumbuka mtu kwa hamu. Wale wa kwenye riwaya aliwakumbuka hivyo, kama ndugu walio safarini, na hakujua kama watarudi.

Mwezi uliopita alisoma ukurasa mzima. Alianza baada ya chai, kidole kikichora kiganjani, na alipofika mstari wa mwisho adhana ya adhuhuri ilikuwa inasikika kutoka msikitini. Hakufurahi. Nyuma ya kichwa palikuwa panauma, upande wa kushoto, na alikaa sakafuni bila kutikisika, kitabu mapajani, akimwita mumewe kwa sauti ndogo.

Shimba alitupa pedi chini. Akaleta kipimo cha presha, akamfunga mkanda mkononi, akabonyeza. Wakasubiri huku mkanda ukijaa na kulegea. Namba zikatokea. Shimba akaanza kuzitaja, Dorcas akamziba mdomo kwa kiganja, akageuza kichwa kulia kidogo, akazitazama mwenyewe.

"Mia na ishirini na nane," alisema. "Chini, themanini na moja."

Shimba akaangalia kioo cha mashine, akaangalia uso wa mkewe, akasema ndivyo, presha iko sawa. Wakakaa pale sakafuni mpaka maumivu yakapungua.